Tusiingoje Kamati ya Mazishi

Mkristo wa Kanyakine hahitaji kufundishwa kuchanga. Akifariki mtu, jioni hiyo hiyo kamati huundwa, mwekahazina huchaguliwa, namba ya M-Pesa husambazwa, na wiki haiishi kabla ya jeneza, turubai, viti na chakula cha waombolezaji kupatikana. Mgonjwa naye huchangiwa, ila mara nyingi ni baada ya bili kuishinda familia na shamba kuanza kutafutiwa mnunuzi. Swali langu kwa waumini wenzangu wa Imenti Kusini ni hili: mbona ukarimu wetu huamka mtu akiwa amekwisha kushindwa? Katika Mathayo 25, Bwana hakuulizia idadi ya waliohudhuria mazishi. Aliulizia mwenye njaa angali na njaa, na mgonjwa angali kitandani. Ikiwa kuwahudumia watu hao ni imani yenyewe wala si pambo lake, basi huduma hiyo yastahili kuwa na siku yake, daftari lake na watu wake, kama ibada ya Jumapili ilivyo navyo.

Kanisa la kwanza lilielewa jambo hili mapema. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume yaeleza manung'uniko ya Wayahudi wa lugha ya Kiyunani kwamba wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria wajane subira, wala hawakuitisha mchango wa siku moja. Walisema wachaguliwe wanaume saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono na kuwakabidhi kazi hiyo. Paulo naye, akimwandikia Timotheo, alitaka wajane waandikwe kwa masharti: aliye na watoto au wajukuu atunzwe na hao kwanza, ili kanisa liweze kumsaidia yule asiye na mtu. Haya ni maneno makavu ya orodha na masharti, nami nayapenda kwa ukavu wake, kwa kuwa huruma isiyo na orodha humwona jirani mwenye sauti kubwa na kumpita aliye kimya.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Huduma za Kikristo katika miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya zilijengwa na watu waliokuja kukaa. Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria mwaka 1922, na hospitali iliyotokana na kazi yake ingali ikitibu watu chini ya kanisa la PCEA. Wakatoliki wana hospitali ya Consolata pale Nkubu, Wamethodisti wana ya Maua. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Tuuru, katika upande wa Nyambene, palipokuwa na makao ya watoto waliolemazwa na polio. Watoto walihitaji maji, na maji hayakuwapo. Bruda Giuseppe Argese wa Shirika la Consolata, aliyefariki mwaka 2018, hakutosheka na kubebesha watu madumu; alikinga maji ya msitu wa Nyambene na kuyapitisha kwenye mabomba hadi nyanda kame za chini, yakawafikia watu wengi kuliko waliokuwa katika makao yale. Alianza na mtoto mmoja mmoja, akaishia kwenye chanzo cha shida yenyewe.

Je, bomba letu la leo ni lipi? Mimi naona ni bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Familia isiyo na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kwa kawaida hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mchango huo huwafunika baba, mama na watoto wanaowategemea. Aliyejisajili hupata tiba ya kawaida ya zahanati hata asipolipa, lakini kulazwa na upasuaji ni habari nyingine. Kwa kibarua anayechuma majani chai au kahawa ya wengine, 3,600 kwa mkupuo ni mlima. Mwenye shamba la chai hupata bonasi ya mwaka. Kibarua wake hana bonasi. Basi jumuiya ya nyumba ishirini ikitenga shilingi 360 kwa kila nyumba wakati wa bonasi, imezilipia familia mbili mwaka mzima. Fedha hizo hazitoshi hata kukodi turubai na viti vya mazishi ya heshima.

Wapo watakaosema kwamba afya ni kazi ya serikali, na kodi tumekwisha kulipa. Ni kweli, na serikali idaiwe pasipo kuonewa haya. Lakini mtoto mwenye nimonia hangoji tumalize kuidai. Wengine watamtaja Paulo tena, aliyewaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Maneno hayo yalimhusu asiyetaka. Kibarua anayeingia shambani alfajiri anafanya kazi kuliko wengi wetu tunaomhukumu. Pingamizi zito zaidi ni lile la hofu ya fedha kuliwa, maana tumewahi kuona michango ikiyeyuka. Dawa yake ni ile ya kanisa la kwanza kule Yerusalemu: watu wenye sifa njema, daftari wazi, na malipo yanayokwenda SHA moja kwa moja bila kupitia mfukoni mwa mtu. Na asiachwe mhitaji kwa kuwa ni wa dhehebu jingine au hana dhehebu. Yule Msamaria wa barabara ya Yeriko hakumuuliza majeruhi anasali wapi.

Wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama wa Guild na viongozi wa jumuiya, kazi ya kwanza haina gharama. Piteni nyumba kwa nyumba, muandike ni familia zipi ambazo mchango wao wa bima haujalipwa na kwa nini, na orodha hiyo iwe mezani kabla bonasi haijaingia na kabla ya kutangazwa mchango mwingine wa paa la kanisa.