"Mpaka" Una Mipaka Gani? Mantiki Rasmi na Mapatano ya Mto Tana

Wapo miongoni mwetu, hasa sisi wa fasihi, wanaoiona mantiki rasmi kuwa mgeni asiyebisha hodi katika taaluma ya Kiswahili. Hudai kwamba alama zake huikausha lugha. Dai hilo naliona jepesi, na ushahidi wangu nautoa Garsen.

Kandokando ya Mto Tana, Wapokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi, nao Waorma hufuga ng'ombe. Kiangazi kinapokaza, mifugo hushuka mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya jamii hizi mbili. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyouwasha moto huo. Ardhi, maji na siasa vilitosha. Hata hivyo, mapatano hufungwa kwa maneno. Kipokomo ni cha Kibantu na Kiorma ni cha Kikushi, hivyo Kiswahili ndicho kiwakutanishacho wasemaji wake.

Tuchukue sentensi hii, niliyoibuni mwenyewe: "Mifugo haitaingia mashambani mpaka mahindi yavunwe." Kimantiki, inadai jambo moja tu: kwa kila wakati ambapo mahindi hayajavunwa, mifugo haimo mashambani. Kuhusu siku inayofuata mavuno haisemi lolote. Mkulima aweza kushikilia hapo: nimekataza, sijaruhusu. Mfugaji naye amesikia ahadi kwamba yakishavunwa, njia i wazi. Hakuna mwongo baina yao. Wa kwanza ameshika maana ya sentensi yenyewe. Wa pili ameshika kile ambacho mwanafalsafa H. P. Grice alikitenga na maana hiyo, yaani kidokezo kinachozaliwa na desturi za mazungumzo. Kamusi haituamulii ugomvi huu, kwani itatwambia tu kwamba "mpaka" ni "hadi".

Ama "Malka zote hazijafungwa", je, hakuna hata moja iliyofungwa, au zimefungwa baadhi tu? Yategemea kama ukanushi umeitawala "zote" au "zote" imeutawala ukanushi. Kiswahili kinayo dawa: "si malka zote zilizofungwa" kwa maana moja, "hakuna malka iliyofungwa" kwa nyingine. Lakini atakayeitumia dawa ni yule aliyekwisha kuuona ugonjwa.

Richard Montague alishikilia mnamo 1970 kwamba lugha asilia zaweza kuchunguzwa kwa zana zilezile za lugha za wanamantiki. Mifano yake ilikuwa ya Kiingereza. Hatuna haja ya kuitafsiri, maana ukanushi wetu unakaa ndani ya kitenzi na una maswali yake.

Nakubali kwamba si kila usemi utaingia katika jedwali la ukweli. Wimbo ambao Fumo Liyongo, anayesimuliwa kuwa alizikwa Kipini, mdomoni mwa mto huohuo, alimwimbia Saada kutoka kifungoni hauwezi kumalizwa kwa alama. Lakini fumbo huwa fumbo kwa sababu lina maana ya wazi inayolifunika, na asiyeweza kuipima hiyo ya wazi atajuaje kilichofichwa?

Kwa hiyo ningependa kuona tasnifu moja ya uzamili, angalau moja, ikianzia barazani Garsen: mtafiti akusanye matumizi ya "mpaka", "isipokuwa" na "kila", kisha awaulize wakulima na wafugaji, kila upande peke yake, walielewa wameahidiana nini.