Maoni Yetu: Andikeni majina ya vijana wetu

Mtafiti anayekuja Liparamba kutoka nje ya nchi hupita milango mingi. Huanzia COSTECH kuomba kibali cha utafiti. Akitaka kuchunguza wanyamapori, TAWIRI nao wanahusika. Uhamiaji humpa kibali cha ukaazi daraja la C. Kisha barua hushuka Songea, ikafika Mbamba Bay, ikaenda kata, ikaishia mezani kwa mtendaji wa kijiji. Kila meza huuliza ametoka wapi, anatafuta nini na atakaa muda gani. Ni sawa waulize. Lakini kuna swali moja ambalo wote hulipita haraka: kijana wa hapa atakayefanya naye kazi, jina lake litaandikwa wapi?

Kijana huyo ndiye anayejua pa kuvukia mto kiangazi. Ndiye anayemtambua mnyama kwa kinyesi na nyayo kabla mgeni hajatoa darubini. Ndiye anayemweleza bibi kwa Kimatengo kwa nini watu wanapima mashimo ya ngolo shambani kwake, na bibi akakubali kwa sababu anamjua mama yake. Kule ziwani ndiye anayekesha na wavuvi wa usipa, anapima samaki alfajiri na kujaza daftari kwa mwandiko unaosomeka. Kazi ikiisha hulipwa posho, hupigwa picha ya pamoja, pengine huachiwa fulana. Makala ikichapishwa, yeye hayumo.

Wengi huona hilo ni jambo dogo. Sisi hatulioni dogo hata kidogo, na sababu yetu ni hii.

Tuseme kijana huyo amesoma hadi shahada ya uzamili na sasa anataka kwenda Marekani kufanya kazi ya utafiti. Ombi huwasilishwa kwa fomu I-140. Njia ya watu wenye uwezo wa kipekee, inayoitwa EB-1A, ina vigezo 10, na mwombaji aonyeshe kwamba ametimiza angalau 3: makala za kitaaluma alizoandika, mchango wake mpya katika sayansi, kazi ya kukagua maandishi ya wenzake, na kadhalika. Njia nyingine ni ya maslahi ya taifa, ambayo vipimo vyake vilitokana na uamuzi wa shauri la Dhanasar wa Desemba 2016. Hapo huulizwa kama kazi yake ina thamani na umuhimu kwa taifa lile, kama yeye ndiye mtu anayeweza kuisogeza mbele, na kama Marekani itanufaika ikimwondolea sharti la kuwa na mwajiri kwanza. Uingereza nao wana viza ya Global Talent tangu Februari 2020, na mwanasayansi huipata kwa kuungwa mkono na taasisi kama Royal Society.

Afisa anayesoma faili hilo hajawahi kufika Mitomoni. Hawezi kujua nani alilala porini na nani alibaki hotelini Songea. Anasoma majina yaliyo juu ya makala, anaangalia wangapi wameitaja, anasoma barua za wanaomfahamu mwombaji. Mkulima wa Mbinga hahitaji profesa kumfafanulia hili: peleka kahawa yako kwenye chama cha ushirika, AMCOS, isiandikwe daftarini, uone utalipwa na nani, hata kama kijiji kizima kilikuona ukiichuma.

Visingizio tumevisikia. Cha kwanza ni kwamba kijana alikusanya takwimu tu, hakushiriki kuandika. Mwongozo wa wahariri wa majarida ya tiba, unaotumiwa hata nje ya tiba, unataja ukusanyaji wa takwimu miongoni mwa michango inayoweza kumfanya mtu kuwa mwandishi. Tena unasema wazi kwamba aliyetoa mchango wa namna hiyo apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kuhakiki na kuidhinisha makala. Sasa, kama hakutumiwa rasimu, angeshirikije? Na kama mchango wake kweli haukufikia kiwango cha mwandishi, basi atajwe kwenye shukrani kwa jina lake kamili na kazi aliyoifanya. Maneno kama "tunawashukuru wenyeji" hayamsaidii mtu yeyote kujaza fomu.

Kisingizio cha pili huja na sura ya uzalendo: tukiwapa majina, wataondoka. Wanaondoka sasa hivi! Wanaacha sayansi wakiwa hapahapa, wanaingia kwenye bodaboda na vibanda vya fedha za simu, kwa sababu miaka yao porini haionekani popote. Masharti ya Marekani au Uingereza yanaweza kukazwa kesho na kulegezwa keshokutwa, lakini makala yenye jina lako haifutwi na serikali yoyote. Mwenye jina anaweza kwenda. Anaweza pia kubaki, akapanda cheo chuoni, akaomba fedha za utafiti mwenyewe, na wageni wakaja kufanya kazi chini yake.

Wala hatuombi jambo geni. Makala kuhusu samaki wa Ziwa Massoko kule Rungwe, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2015, ina jina la Benjamin Ngatunga wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, pamoja na wale wa Ulaya. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto miaka ya 1990 kuchunguza milima ya Umatengo, na ushirikiano huo ukazaa kituo cha maendeleo ya vijijini pale Morogoro mwaka 1999. Wageni walikaa vijijini, wakasema Kiswahili na wakulima, na SUA ikabaki na taasisi yake. Wakitaka, wanaweza.

Dawa ni karatasi moja. Kabla barua ya mtafiti haijagongwa muhuri, iambatane na makubaliano mafupi yanayotaja mshirika wa hapa ni nani, atafanya kazi gani, atatumiwa rasimu lini, na jina lake litakaa wapi. COSTECH wayaweke makubaliano hayo kama sharti la kibali. Lakini halmashauri haina haja ya kuwasubiri. Muhuri wa mwisho uko mikononi mwake, na hakuna mtafiti wa maana atakayeshindwa kujibu maswali manne.

Vijana nanyi mna lenu. Wekeni nakala ya kila daftari mnalolijaza, kwa tarehe. Jisajilini ORCID mpate namba ya utambulisho wa mtafiti; ni bure, na namba hiyo itakusanya kazi zenu zote mahali pamoja. Ombeni barua ya kazi wakati mgeni bado yuko kijijini, kabla gari halijawashwa. Msione haya kuuliza mapema, mbele ya mtendaji, kama jina litakuwemo. Akijibu kwamba watalizungumza baadaye, mwambieni mnalizungumza leo, na mtendaji aliandike.