Uchumba Nao Unataka Daftari, Lakini Ujiandike Wewe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huu tunautumia sana kwenye mafunzo ya wafugaji. Anayeandika tarehe ambayo ng'ombe wake alipandishwa anajua kwamba baada ya siku 21 hivi lazima aangalie kama amerudi kwenye joto. Asiyeandika anabahatisha. Vivyo hivyo mkulima asiyeandika gharama hukumbuka magunia aliyouza na kusahau mbolea aliyokopa.

Leo natoka kidogo nje ya zizi na shamba. Vijana wa kwenye vikundi wakimaliza kuuliza habari za chanjo, huuliza habari za uchumba. Wengi wanalalamika kwamba kila wanayeanza naye haifiki mbali, lakini ukiwauliza tatizo liko wapi, hawana jibu.

Msimamo wangu ni huu: anayetafuta mwenza naye aweke kumbukumbu. Ila daftari hilo liwe la mwenendo wake mwenyewe, lisiwe la kumpima mwenzake. Simlinganishi mtoto wa mtu na ng'ombe, na tofauti iko hapo hapo. Ng'ombe unamwandika yeye. Kwenye uchumba unajiandika wewe.

Jambo hili si geni. Charles Darwin, yule tuliyemsoma kwenye baiolojia, mwaka 1838 alichukua karatasi akaandika upande mmoja sababu za kuoa na upande wa pili sababu za kutooa. Alifikiria mpaka fedha na muda wa kazi utakaopotea. Mwisho aliamua kuoa, na Januari 1839 akafunga ndoa na binamu yake, Emma Wedgwood. Karatasi ile ilihusu maisha aliyoyataka yeye. Haikuwa orodha ya mabinti na alama zao.

Mambo ya kuandika

1. Ahadi zako. Andika tarehe, ulichoahidi, na kama ulitekeleza. Ulisema utapiga simu Jumamosi, ulipiga? Ukikuta ahadi kumi na umetimiza tatu, usitafute mchawi.

2. Sababu ya kuachana. Andika mapema, hasira zikishatulia, na andika sehemu yako tu. Kichwa kinajipendelea, baada ya mwaka kitakuambia wote walikuwa wabaya. Daftari litakuonyesha kwamba watatu wote walikuambia jambo lile lile, kwamba husikilizi, au kwamba ukinywa unabadilika.

3. Mambo aliyokueleza kwa wema. Mama yake anaumwa, ana usaili Jumatatu, hali samaki. Kuandika hayo ili umuulize hali ya mama ni adabu ya kusikiliza.

4. Fedha na zawadi kubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa sharti la ndoa, iwapo ndoa haikufungwa na mahakama ikaridhika kwamba sharti hilo lilikuwepo. Bila kumbukumbu utaridhishaje mahakama? Kwa hiyo mbuzi na fedha zilizopelekwa kwa wazazi ziandikwe, mbele ya mashahidi. Chipsi na vocha ni matumizi yako mwenyewe, usije ukazidai.

5. Afya yako. Andika lini ulipima virusi vya UKIMWI na lini unatakiwa kupima tena. Pima pia selimundu. Wawili mkiwa mmebeba vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huo, hata kama ninyi wenyewe mko wazima. Jambo hili lizungumzwe kabla ya mahari, lisisubiri mtoto wa pili alazwe.

Mambo ya kutoandika

Usiandike alama za sura na umbo. Usiandike siri za mwenzako, majibu yake ya vipimo, wala habari za faragha kati yenu, na usihifadhi picha zake za namna hiyo. Wapo vijana wanaopeana alama za wasichana kwenye makundi ya simu na kuita hiyo ni kumbukumbu. Huko ni kumwanika mtoto wa watu. Kijijini habari haifutiki. Binti anaweza kuhama kata kwa sababu ya ujumbe mmoja. Kipimo changu ni rahisi: kama daftari likiokotwa na mama yake, je, utaweza kumwamkia tena?

Najua wapo watakaosema mapenzi hayana hesabu, na kwamba mtu mwenye daftari ni mtu baridi. Upande mmoja nakubaliana nao. Daftari halipendi kwa niaba yako, na ukiwa mbele ya mtu liache nyumbani, msikilize. Lakini hasara za uchumba zina hesabu. Familia inauza ng'ombe wawili, ndoa inavunjika kabla ya mwaka kwa jambo ambalo kijana alishaambiwa na wachumba wawili waliotangulia. Hapo hesabu imekuja yenyewe, tena na riba.

Kwa dada zangu, daftari hili lina kazi ya ziada. Mwanaume anasema nitakuja kwenu baada ya mavuno. Andika tarehe. Yakipita mavuno matatu na sababu ni tatu tofauti, huhitaji kugombana naye wala kwenda kwa mganga. Fungua ukurasa, soma, uamue. Miaka yako ni mali kuliko gunia la mpunga, nayo hupotea bila habari vilevile.

Anza na kaunta buku moja na kalamu. Ukurasa mmoja kila Jumapili jioni unatosha. Baada ya miezi mitatu soma tangu mwanzo, chagua kosa moja tu linalojirudia, ulifanyie kazi hilo kwanza. Hata shambani hatubadilishi mbegu, mbolea na nafasi ya kupanda kwa msimu mmoja, maana hutajua kipi kilisaidia.

Wiki ijayo tunarudi bandani: chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji. Mje na madaftari yenu.