Ukitoka kupiga mbizi, usikimbilie Kitale

Kila Desemba, mahindi yakishaingia ghalani na shule zikishafungwa, watu wengi wa Saboti, Kitale na Bungoma hushuka Mombasa kupunga upepo wa bahari. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kukanyaga maji ufuoni na kupanda ngamia. Siku hizi vijana wanataka zaidi. Hufungiwa mtungi wa hewa mgongoni, wakapelekwa kwa mashua nje ya miamba ya Diani, Shimoni au Watamu, wakazama. Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Ugomvi wangu ni na siku wanayoichagua, kwani aghalabu huwa ni ile ya mwisho: asubuhi baharini, jioni kwenye basi la kurudi nyumbani.

Mpango huo unaweza kumlemaza mtu.

Kila mita 10 unazoshuka baharini huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufuoni. Ukifika mita 30, shinikizo ni mara nne, na naitrojeni iliyo katika hewa ya mtungi hupenya kwenye damu na mafuta ya mwili. Ukipanda polepole, hutoka kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa, hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huziba mishipa na kuumiza viungo, na yakishambulia uti wa mgongo huweza kupooza miguu.

Wakenya walilionja somo hili kwa uchungu Septemba 29, 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni. Liliopolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Wengi wetu huku bara tuliwalaumu wapiga mbizi kwa kukawia. Hatukujua kuwa anayefanya kazi kwenye kina kile, katika maji ya giza yenye mkondo, hawezi kukaa atakavyo wala kuibuka apendavyo.

Na kuibuka hakuishii juu ya maji. Hapo ndipo sisi wa nyanda za juu tunapojidanganya. Naitrojeni hubaki mwilini saa nyingi baada ya mtu kuvua mtungi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Kitale karibu 1,900, na kabla ya kufika Eldoret barabara hupita Timboroa, kwenye kimo cha karibu mita 2,700. Shinikizo la hewa pale ni pungufu ya lile la Mombasa kwa zaidi ya robo. Abiria aliyezama asubuhi ile bado anaibuka, ingawa mwenyewe anakoroma kitini. Treni ya usiku ya zamani ilitulinda kidogo kwa uvivu wake. Reli mpya iliyofunguliwa 2017 hufika Nairobi kwa saa tano hivi.

Hatari huzidi penye mkondo mkali. Sisi tumezaliwa chini ya Mlima Elgon, wenye mita 4,321, na tunauona kila asubuhi. Baharini nako kuna milima, ila imezama, na kwa kuwa samaki wakubwa huzunguka vilele vyake, wapiga mbizi hodari huifuata. Pahali panapofanana nayo katika bahari yetu ni Fungu Kizimkazi, ambalo ramani nyingi huliita Latham, kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu upande wa mashariki ya Dar es Salaam, katikati ya maji ya kina kirefu. Mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini, na majira ya kusi hushika kasi. Unapogonga kizuizi cha namna ile, maji huzunguka, hupanda au hushuka, na mtu huchukuliwa nayo. Akipigana nayo huhema kwa nguvu na kumaliza hewa mapema, huku damu yake inayokwenda mbio ikizidi kubeba naitrojeni. Halafu huibuka kwa hofu. Wala si lazima afike huko mbali. Mlango wa Pemba, hapo nje ya Shimoni, una mikondo ya kumtosha.

Elimu hii si mpya. Mskoti John Scott Haldane alichapisha majedwali ya kuibuka kwa usalama mwaka 1908, baada ya kuwajaribu mbuzi katika chumba cha shinikizo. Kuhusu kupanda ndege, ushauri uliotolewa na shirika la Divers Alert Network baada ya kikao cha wataalamu cha 2002 ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa, na zaidi ya hapo kwa aliyelazimika kutua njiani akipanda. Hewa ndani ya ndege hizo hulingana na kimo cha mita 600 hadi 2,400. Timboroa imepita hapo! Kwa hiyo mimi nasema msafiri wa Kitale angoje saa 24, zisipungue.

Linalonitia hofu zaidi ni yanayoweza kutokea hapa nyumbani. Mtu aliyetoka pwani na uchovu, kizunguzungu na maumivu ya bega au goti ataambiwa ni malaria ya Mombasa, apewe vidonge akalale. Akija kufa ganzi miguu au kushindwa kukojoa, wakati umekwisha kupotea. Malaria ipimwe, naam, lakini daktari aulize pia: ulizama, na lini? Huduma ya kwanza ni oksijeni safi, mgonjwa akiwa amelazwa chali, huku chumba cha shinikizo kikitafutwa. Vyumba hivyo ni vichache mno Afrika Mashariki. Akisafirishwa kwa ndege, rubani aombwe kuruka chini.

Wenye mashua nao wana deni. Fomu niliyopewa pwani miaka michache iliyopita iliniuliza kuhusu pumu, moyo na masikio. Haikuniuliza naishi wapi wala narudi lini. Mstari mmoja tu ungetosha, na usomwe kabla ya pesa kupokewa. Msafiri naye azame Jumatatu, Jumanne ashinde Mji wa Kale akila pweza. Basi la Kitale litakuwepo Jumatano.