Gesi Isiyo na Harufu

UKUMBI WA ELIMU



Tumefikiwa na swali la mama mmoja ambaye mwanawe ameajiriwa kazi ya usiku katika ghala, akikabidhiwa dhamana ya kuchaji betri za magari ya kunyanyulia mizigo. Siku ya kwanza kijana aliambiwa kwamba gesi ikizidi chumbani ataisikia harufu yake. Mama auliza: je, ni kweli?

Si kweli, na aliyeyasema hayo ameichanganya gesi ya betri na gesi ya jikoni. Ile ya jikoni hutiwa harufu makusudi ili tuitambue. Haidrojeni, ambayo hutoka katika betri za risasi na asidi pale umeme unapoyapasua maji yaliyomo, haina harufu wala rangi, na hata ikiwaka ndimi zake ni taabu kuonekana mchana. Ikifika asilimia 4 ya hewa yaweza kushika moto, na cheche ndogo mfano wa ile itokayo katika nguo ya sufu inapovuliwa huitosha. Tena ni nyepesi kuliko gesi zote, hivyo hupanda darini, ilhali gesi ya mtungi hushuka sakafuni.

Basi ikiwa pua haifai, kitufaacho ni nini? Vitambuzi vipo vya namna nyingi, na vingi vilivyomo maghalani hutumia njia za kikemia. Mwezi huu tumependa kueleza kimoja kilichotustaajabisha, maana chenyewe hufanya kazi mithili ya sikio.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele za mawe fulani, kama kwatsi, zikibanwa hutoa umeme. Mwaka 1885 Lord Rayleigh wa Uingereza akaeleza mawimbi yatembeayo juu ya uso wa kitu kigumu bila ya kuzama ndani, ambayo ni jamii ya yale yaitikisayo ardhi wakati wa zilzala. Ilipofika 1965, White na Voltmer, huko Marekani, walionyesha namna ya kuyaanzisha mawimbi hayo juu ya fuwele kwa nyuzi nyembamba za madini zilizopangwa kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Vitana vya upande mmoja hutia mtetemo, vya upande wa pili huupokea.

Katikati ya njia hupakwa utando wa paladiamu. Madini haya yana kiu ya ajabu: Thomas Graham alionyesha mwaka 1866 kwamba hunywa haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Wataalamu watatu wa Italia, D'Amico, Palma na Verona, waliyaunganisha mambo haya mwaka 1982. Utando ukinywa gesi hubadilika ugumu na uzito, na wimbi lipitalo chini yake hubadili mwendo. Wapigaji ngoma wayajua haya: ngozi ikipata unyevu sauti hugeuka, ndipo ngoma ikaoteshwa moto. Chombo hiki husikia mageuko madogo mno, kwa kuwa mtetemo wake huwa ni mamilioni mengi kwa kila sekunde.

Aibu yake ni hiyo hiyo ya ngoma, kwamba joto na unyevu pia huigeuza sauti. Kwa hiyo mafundi huweka njia ya pili isiyopakwa paladiamu, wakazilinganisha mbili. Utando nao ukinywa na kutapika mara nyingi huvimba, ukapasuka, ndipo wengine wakauchanganya na nikeli.

Turejee kwa mama yetu. Kijana na aulize kama feni za kutolea hewa hufanya kazi muda wote wa kuchaji, na kama kitambuzi hulia mapema, kwenye asilimia 1 au chini yake, si kungoja hiyo 4. Aulize pia kilipimwa lini kwa mara ya mwisho.

Tulipokuwa tukipiga chapa ukurasa huu mama ametupa habari. Kitambuzi kipo, cha aina ya kawaida, na taa yake inawaka. Kimetundikwa ukutani usawa wa kiuno. Kijana ameshaandika barua kuomba kihamishiwe darini, na anangoja jawabu.