Mti wa Barabarani Nao ni Wako

Leo baada ya chakula cha mchana hebu toka nje ya lango utazame pale palipo kati ya ukuta na lami. Je, unaona nini? Katika mitaa mingi ya Nairobi utakuta kifusi, mtaro ulioziba na pengine kijiti kikavu kilichofungiwa uzi. Kijiti hicho kilikuwa mche. Kilipandwa siku ya sherehe, wageni wakapigwa picha, kisha kila mtu akaenda zake. Wakazi walidhani kaunti ingetia maji, nayo kaunti ikadhani wakazi wangetia. Wahenga walisema kuwa mtumai cha nduguye hufa maskini. Hapa aliyekufa ni mche.

Kwa hakika, sisi si wavivu wa kupanda. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha vuguvugu lake la Green Belt mwaka wa 1977, akafanya kazi na kina mama wa mashambani, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitupa siku nzima ya mapumziko ili tupande miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kasoro yetu ni ile miaka miwili inayofuata baada ya jembe kurudishwa stoo.

Najua utasema, "Lakini mimi ni mpangaji tu, mwaka ujao huenda nimehamia Kayole au Rongai." Ni kweli. Lakini kivuli hakiulizi risiti ya kodi. Mama anayeuza sukuma wiki pale langoni, mwanafunzi anayengoja matatu na mzee anayepumzika akitoka kanisani, wote watakitumia. Na wewe pia, huko unakohamia, utakaa chini ya mti uliopandwa na mtu usiyemjua.

Kabla ya kuchimba, uliza kwanza. Ardhi iliyo kando ya barabara ni ya umma, hata kama iko mbele ya lango lako. Zungumza na mwenye nyumba na chama cha wakazi, kisha mwende afisi ya mazingira ya kaunti mpate ruhusa. Tazama juu: je, kuna nyaya za umeme? Tazama chini: bomba la maji na la maji taka limepita wapi? Kaa angalau hatua tatu kutoka kwa ukuta na mabomba, na usipande kwenye kona ambapo mti utawazuia madereva kuonana.

Sasa uchague mti gani? Mjakaranda umeipamba Nairobi kwa maua ya zambarau tangu zamani, ingawa asili yake ni Amerika ya Kusini. Huhitaji nafasi, kwa hivyo usiubane chini ya nyaya. Ukitaka mti wa kwetu, uliza muthiga au mwiri. Watu wa Kisumu wanaujua vizuri siala, ule wa maua ya manjano. Walio Mombasa na Malindi wana mwarobaini na mkungu, ambayo huvumilia joto la pwani. Usipande mkaratusi mbele ya nyumba, kwani hunywa maji mengi na matawi yake huanguka. Mgumo nao ni mti wa heshima, lakini mizizi yake itapasua ukuta wako.

Miche haina taabu kupatikana. Vitalu vimejaa kando ya Ngong Road na Kiambu Road, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, iliyo Muguga, huuza mbegu na miche. Usivutiwe na urefu peke yake. Chagua wenye shina nene kama kidole na majani yasiyo na madoa. Ukiona mizizi imetoboa mfuko na kujizungusha chini, uache. Huo umekaa kitaluni kupita kiasi.

Panda mvua inapoanza, yaani Machi au Aprili kwa mvua ndefu, au Oktoba kwa vuli. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Toa mfuko wote bila kuvunja donge la udongo, halafu panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Ukifukia shina, litaoza. Shindilia kwa mguu taratibu, uache kibakuli cha udongo cha kushika maji, kisha utie mtungi mmoja wa lita 20.

Baada ya hapo ndipo kazi huanza. Wakati wa kiangazi, mpe mti mtungi huo mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili. Najua maji mjini ni ya mgao. Basi tumia yale uliyooshea mboga na mchele, au ya mwisho ya kusuuza nguo. Usimwage yenye sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha nguo. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, lakini zisiguse shina. Simika kigingi ufunge mti kwa kitambaa laini, si kwa waya, na baada ya mwaka mmoja ukifungue. Zungushia miti au matawi ya miiba, maana mbuzi wa mtaani hawajui sheria za kaunti.

Maadui wengine wana miguu miwili. Kuna wanaopigilia misumari ya mabango ya waganga na vyumba vya kukodisha, wanaochoma taka kwenye shina na wanaomwaga oili chafu ya magari. Kuna pia wanaobandua magome ya muthiga na mwarobaini kwa dawa. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Waambie kwa upole, lakini uwaambie.

Mti ukikua, ondoa matawi ya chini kidogo kidogo ili watu wapite. Usiukate kichwa, kwa sababu matawi yatakayochipuka hapo huwa dhaifu na ndiyo huvunjikia magari wakati wa dhoruba. Tawi likigusa nyaya, ita shirika la umeme. Usipande na panga. Na usiuangushe bila kibali cha kaunti.

Mwaka wa 2020, barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mgumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way ulikuwa ukatwe. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huo ikatoka amri ya Rais kwamba usiguswe. Miti mingine mingi kwenye njia hiyo haikuwa na bahati hiyo. Mti usio na wa kuusemea hukatwa asubuhi moja, nanyi mkirudi jioni mnakuta vumbi la mbao.

Kwa hivyo, mzazi, mpe mwanao kazi ya mtungi huo wa Jumatano na Jumamosi. Mwanafunzi, andika tarehe mliyopanda na upime urefu kila mwisho wa muhula. Na mkihama, mkabidhini jirani mti kama mnavyomkabidhi mwenye nyumba funguo, mkimwonyesha kigingi, kibakuli na siku za maji.