Jim Reeves Tunamjua, Wa Kwetu Je?

Ingia baa yoyote ya Makutano pale Meru, au ya Runyenjes kule Embu, utaisikia sauti laini ya Jim Reeves, na watu wa makamo wakimfuatisha bila kukosea neno. Watakueleza kwamba alizaliwa Texas mwaka 1923, akawa mchezaji wa besiboli hadi alipoumia, akageuka mtangazaji wa redio, kisha akafa ndege yake ilipoanguka karibu na Nashville mwezi Julai 1964. Vyema. Sauti ile inastahili mapenzi. Lakini waulize hao hao ni nani aliyewaimbia kwa Kimeru au Kiembu ujanani mwao, na leo anakula nini, uone macho yakigeukia chupa. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Sisi tunamtuza mgeni.

Na huyo mgeni hakuishi kwa sifa tupu. Mwaka 1966, miaka 2 baada ya kifo chake, “Distant Drums” ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, na mjane wake, Mary, akaendelea kusimamia kazi zake. Walioupenda wimbo waliulipia. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 nayo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kinachokosekana ni dhamiri. Mwimbaji wetu Fadhili William alirekodi “Malaika”, wimbo ukaimbwa na Miriam Makeba na hata Boney M, naye akafariki mwaka 2001 bila kuonja matunda yanayolingana na umaarufu huo. Mkulima wa miraa wa Igembe hupiga kelele dalali akimpunja, kisha humpa kijana wa kibandani shilingi chache amjazie flashi nyimbo za wizi. Jasho la mwimbaji si jasho? Maandiko yanakataza kumfunga kinywa hata ng’ombe apurapo nafaka!

Wapo watakaosema nyimbo zetu hurekodiwa vibaya. Reeves alikuwa na kampuni ya RCA Victor nyuma yake. Wa kwetu atalipia studio nzuri kwa pesa gani, ikiwa tumemnyima mauzo? Wengine watasema wanaokusanya mirabaha hawaifikishi. Wanamuziki wenyewe wamelalamika hivyo hadharani, na wana haki, ila kosa la mkusanyaji halimpi mwenye baa ruhusa ya kukwepa leseni ya kupiga muziki. Nanyi si wachoyo, watu wa Mlima Kenya: mnamchangia mgonjwa msiyemjua. Mbona mchango wa mwanamuziki usubiri jeneza? Hata wapiga ngoma wa Chuka, fahari ya nchi nzima, twawakumbuka mkubwa wa serikali akija, huku tukilea watoto wasioelewa neno katika wimbo wa nyanya yao; aibu hiyo ni ya wazazi, si ya shule. Muuga FM na Wimwaro FM zinatusikilizisha waimbaji wetu. Basi mwenye baa na mwenye matatu walipie, na kamati za harusi za Agosti na Desemba zimpe mpiga gitaa pesa zake kabla hajapanda jukwaani, zisimwambie arudi Jumatatu.